Ndege wa Fundi

Mtu mmoja alikuwa na picha moja tu ya kujifunzia, na hiyo moja haikuwa yake. Jina lake Shemdoe, wa milima ya Usambara. Picha aliichora fundi wake kwa rangi ya mafuta: kilima, msitu, njia nyembamba inayopanda, na juu ya msitu ndege mmoja mweusi. Fundi akafa kabla hajamfundisha la maana. Mjane akampa Shemdoe chumba alichochoreamo marehemu, akamwambia aifuatishe picha ile mpaka aiweze. Siku atakapoiweza, brashi za fundi zitakuwa zake. Brashi hizo ndizo alizozitaka duniani. Kingine hakutaka.

Kuta za chumba zilikuwa za udongo, msumari haukai, ila kwenye mbao za dirisha. Basi alifunga dirisha, akaitundika picha juu yake, akawasha kibatari mchana kweupe.

Rangi ya mafuta haina haraka na mtu. Hukauka itakapo, nawe unangoja. Shemdoe alingoja peke yake, miaka. Majirani walibisha hodi wakajibiwa kesho. Watu wana kazi zao, wakaacha. Mkewe alikwenda kwao msibani, arobaini ikapita, hakurudi. Shemdoe alilijua hilo siku alipokosa chai.

Njia aliiweza. Msitu aliuweza. Ndege ndiye aliyekataa. Bawa moja limekunjika, mguu unatokea shingoni. Ndege gani huyo? Lakini Shemdoe alijiambia kwamba fundi hakosei, mkosaji ni yeye. Akamchora, akamfuta, akamchora tena. Mwisho akawa anamwamkia asubuhi, maana hakuwa na mwingine wa kumwamkia.

Siku alipomweza alimwita mjane. Bibi alikuja na brashi zimefungwa kwenye kipande cha kanga. Akavaa miwani, akaitazama picha ya mumewe, akaitazama ya Shemdoe, akarudi kwa ile ya kwanza, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Mwanangu, huyu ni inzi," alisema. "Alinasa rangi ikiwa mbichi, mume wangu akasema mwache, akikauka ataanguka mwenyewe."

Akambandua kwa ukucha. Kwenye picha ya fundi pakabaki anga. Kwenye picha ya Shemdoe inzi hakubanduka, maana huyo alichorwa kwa bidii.

Bibi akaitungua picha ya mumewe, akafungua dirisha apate mwanga wa kuifungia. Nje kilikuwepo kilima kile kile. Msitu umekatwa nusu, pamelimwa viazi, nyumba mbili za bati zimeota pembeni ya njia. Shemdoe alisimama anakitazama kama mgeni. Mwanamke mmoja alipita na tenga kichwani, akatupa jicho dirishani, hakuamkia. Hakujua kama chumba kile kina mtu.

Bibi aliondoka na picha, na brashi akaondoka nazo. Dirisha aliliacha wazi.

Nanyi mnaoyashika maneno ya waliowafundisha, mkayarudia hata pale yasipoingia akilini: ni nani kwenu amewahi kuinua ukucha akajaribu kumbandua ndege?