Kuni za Mzee Tweve

Mwaka ule gesi ilipanda bei, mkaa ukaifuata, na baridi ya Makete haikumhurumia mtu. Watu wakarudi kwenye kuni, na mwenye kuni alikuwa mmoja tu, Mzee Tweve. Naye akapandisha bei mara mbili.

"Mzee wangu, nisaidie hata mzigo mmoja," aliomba Atuganile, mjane wa jirani.

"Kuni zangu zitatoka bure siku nitakayokufa!"

"Mama Luti, umemsikia mumeo?" Atuganile alimgeukia mke wa Tweve.

"Nimemsikia," alijibu Mama Luti, ambaye hata kuni za kupikia alikuwa akipimiwa.

Kesho yake Tweve alikwenda Njombe. Atuganile akajifunga kanga kiunoni, akajibwaga uani kwa Tweve akilia, "Mzee wetu, jamani! Mzee wetu!"

Kwao kilio hakiulizwi. Watu hulia kwanza. Majirani wakamiminika, Mama Luti akafungua ghala la kuni, moto mkubwa wa msiba ukawashwa.

Jioni Tweve alikuta kijiji kizima kinaota moto uani kwake.

"Nani kafa?" alifoka.

Atuganile aliruka akamkumbatia.

"Kumbe mzima! Jamani, mzee wetu yu hai! Hili ni la kushangilia. Ongezeni kuni!"