Fisi Aliyesubiri Sentensi ya Mwisho

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nani?

— Na mwenye njaa na mwenye hamu!

Na nani atalala na njaa?

— Tusikie kwanza!

Haya, sogeeni. Wewe unayepiga miayo, kaa mbele nikuone.

Hapo kale, kwenye vichaka vya miiba nyuma ya shule moja, waliishi Bwana Digidigi na mkewe. Digidigi mnamjua: swala mdogo kama mwanambuzi, miguu vijiti vitupu, macho makubwa kama ya mtu aliyeambiwa jambo sasa hivi. Hao huishi wawili wawili. Mmoja akila, mwenzake yupo. Mmoja akilala, mwenzake yupo.

Kila asubuhi walikwenda kutafuna majani ya maharage chini ya dirisha la darasa, na humo ndani watoto walikuwa wakifundishwa Kizungu cha mambo yaliyopita. Mtoto alifungua mlango kwanza, ndipo darasa zima likaimba kwamba alifungua. Mtoto alimpa mwenzake kitabu kwanza, ndipo likaimba kwamba alimpa. Fanya, ndipo useme. Mwalimu wao hakutaka vinginevyo.

Kulikuwa na sentensi moja Bwana Digidigi aliyoipenda. Kila alipochelewa kutoka kwenye maharage na kumkuta mkewe amesimama njiani, alimwambia, "Shi weitidi fo mi." Alinisubiri. Na mkewe alicheka kila mara, ingawa hakikuwa kichekesho cha maana.

Basi siku moja Fisi akamkamata mume. Hakumla. Alimwona mwembamba, akamtia pangoni, akasukuma jiwe kubwa mlangoni, grrrdu! Akawa anamtupia majani kwenye ufa ili anenepe.

Bi Digidigi akabaki peke yake. Akaenda kwenye maharage, akatafuna, hayana ladha. Akapata jani laini, akageuka amwonyeshe mwenzake, hakuna wa kumwonyesha. Jioni akapiga mluzi wa puani, zwii! zwii! Na kutoka mbali, chini ya mawe, akasikia, zwii... Jamani! Alimtamani mumewe. Lakini jiwe lile lilitaka nguvu za Fisi, na nguvu za Fisi zilikuwa za Fisi.

Kulipokucha akajipangusa uso kwa umande, akaenda moja kwa moja hadi pangoni.

"Hodi, Bwana Fisi!"

"Karibu, kitoweo," akajibu Fisi.

"Nimesikia Simba anatafuta mkalimani wa kupokea wageni wake. Na mkalimani, kama ujuavyo, hukaa karibu na sinia."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Karibu kiasi gani?"

"Ukinyoosha mkono, nyama. Ila lazima ujue Kizungu. Mimi ninacho, nimekipata dirishani."

Fisi akameza mate, kubwi! Akawaza: nitasoma kwanza, kisha nitamla mwalimu, kisha nitamla mume wa mwalimu, kisha nitakaa karibu na sinia. Akainamisha kichwa. "Shikamoo, Mwalimu."

Mnacheka nini? Tumbo likitaka kitu, hata Fisi huwa na adabu.

"Marahaba. Keti, kunja mikono," akasema Bi Digidigi. "Kizungu cha mambo yaliyopita hakisemwi mpaka jambo lifanyike. Fanya, ndipo useme. Na mwanafunzi hainuki mpaka nimpe ruhusa."

"Na nikisema bila kufanya?"

"Shuleni wanachapwa. Kwa Simba sijui."

Fisi hakutaka kujua.

"Nipe huo mfupa."

Fisi akanung'unika, akampa.

"Sasa sema: Ai geivu iti tu haa. Nilimpa."

"Ai geivu iti tu haa!"

Bi Digidigi akamrudishia mfupa. "Sasa sema: Iti kemu baki tu mi. Ulinirudia."

"Iti kemu baki tu mi!" Fisi akaupokea, akaulamba. Kumbe Kizungu ni lugha nzuri hivi! Kila kitu kinarudi!

Wakafanya kwa mfupa, wakafanya kwa ngozi kavu, wakafanya kwa paja zima la punda milia. Fisi alitoa, ndipo akasema. Kitu kikarudi, ndipo akasema. Hakikupotea hata kipande.

Ndipo Bi Digidigi akasema, "Sasa hii iseme kwa sauti ya juu. Shi weitidi fo himu. Alimsubiri."

"Mbona hiyo hatujaifanya?"

"Imefanyika," akasema. "Imefanyika sana."

Fisi akapanua koo. "SHI WEITIDI FO HIMU!"

Kisha nyuma ya jiwe, zwii! zwii! zwii! Bi Digidigi akainama, akajifanya anachomoa mwiba kwenye kwato, maana machozi yalikuwa yanamjia.

"Huyo naye anapiga kelele za nini?" akauliza Fisi.

"Anataka kusoma. Mfungulie."

Fisi akasita. "Mwalimu, huyo ni chakula changu."

"Na paja la punda milia lilikuwa la nani? Halikurudi?"

"Lilirudi."

"Sasa hofu ya nini? Au sinia hulitaki tena?"

Kusikia sinia, Fisi akasukuma jiwe, grrrdu! "Ai opendi iti fo himu!" Nilimfungulia.

Bwana Digidigi akatoka, macho yakipepesa kwa jua.

"Hi kemu auti!" Alitoka.

Akamwendea mkewe, wakagusana pua.

"Hi wenti tu haa!" Alimwendea. Fisi mwenyewe alishangaa alivyo hodari.

"Vizuri sana," akasema Bi Digidigi. "Keti, kunja mikono. Ya mwisho unaijua?"

"Naijua! Hi kemu baki tu mi! Alinirudia!"

"Aa, aa! Imefanyika?"

"Bado, Mwalimu."

"Basi funga mdomo, usubiri ifanyike."

Na hao! Tiki tiki tiki tiki, vichaka vikawameza.

Jua likapanda, Fisi akasubiri. Jua likashuka, Fisi akasubiri. Njaa ikamkata, akafungua mdomo, "Hi kemu..." Akakumbuka, akaufunga. Haijafanyika. Akaanza tena, akaishia tena njiani. Hadi leo, jioni mkimsikia fisi akilia "Uuuu-wii?" na sauti ikipanda mwishoni kama mtu anayeuliza, ni yeye huyo na sentensi yake. Ile hamu imemhamia. Jioni nyingine namwonea huruma, nawaambia kweli.

Na wale wawili? Walirudi kwenye maharage. Mume akachelewa, kama kawaida yake. Akamkuta mkewe njiani. "Shi weitidi fo mi," akasema. Safari hii mkewe hakucheka. Alimlalia begani, wakakaa hivyo mpaka kengele ya shule ikalia.

Hadithi yangu imetoka mlangoni. Ikiwa tamu, nendeni nayo. Ikiwa chachu, nirudishieni.

— Haturudishi kitu!

Mmejifunza kwa Fisi, naona. Basi sikilizeni fundisho: watoto, someni kwa bidii. Mtiini mwalimu. Kunjeni mikono, msiinuke mpaka mpewe ruhusa. Elimu haijapata kumwacha mtu na njaa.

— Na Fisi je?

Fisi? Fisi bado yuko darasani.