Mama Pimbi na Wageni Wenye Chumvi

Hapo zamani za kale, wanangu, barabara ikiwa bado haijafika popote, kulikuwa na hifadhi moja mbali huko, mwendo wa siku tatu bila kuona hata moshi wa jiko. Wanyama wa nchi nyingine walikwenda kutalii, kuwaona wenzao wanavyoishi. Aliyewatembeza ni Mama Pimbi, mdogo kama paka, na gari lao ni Mzee Tembo. Wageni walipanda mgongoni, wakashika kamba, basi, safari imeanza.

Sheria ilikuwa moja tu: mgeni hashuki.

Asubuhi moja wakaja Chui na Fisi, kofia pana kichwani, darubini shingoni.

"Hodi hodi!"

"Karibuni. Mmekuja kuona nini?"

"Kutazama tu, mama," Chui akasema kwa sauti laini. "Sisi tunawapenda sana wanyama."

"Tunawapenda mno!" Fisi akadakia, akameza mate, glup!

Mama Pimbi akajiuliza. Wanapenda wanyama, hawa? Mbona Fisi anatazama darubini kinyume?

"Na huo mfuko una nini?"

"Chumvi," akasema Fisi. "Na ndimu. Na pilipili kidogo..."

Chui akamkanyaga mguu. "Za kusukutulia koo, mama. Vumbi la njiani, unajua tena."

"Pilipili ya kusukutulia koo?"

"Kho! Kho!" Chui akakohoa. "Enhe, watoto wa hapa wanalala wapi? Tungependa kuanza na hao."

Watoto watatu wa Mama Pimbi walikuwa nyuma ya jiwe, hatua kumi tu kutoka pale. Akiwafukuza wageni hawa, watazunguka wawatafute wenyewe. Aliogopa, jamani, aliogopa kweli. Lakini huenda anawadhania vibaya. Akaamua kuwapima.

"Haya, pandeni."

Di! Di! Di! Mzee Tembo akashika njia. Wakapita twiga, Chui hata hakugeuza shingo. Wakapita viboko mtoni, Fisi akapiga miayo. Mama Pimbi aliyaona yote hayo.

Wakafika kwenye kichuguu chenye shimo kubwa.

"Shhh! Simama, Mzee," akanong'ona. "Wageni, mnaliona lile shimo? Humo wamelala watoto wawili wanene. Watakapotoka mtawaona vizuri kutoka hapa juu. Ila mgeni hashuki. Humo ndani si pa kuingia."

"Hatushuki ng'o!" akaapa Chui.

"Hata kwa dawa!" akasema Fisi.

Mama Pimbi akawapa mgongo, akajifanya anamwelekeza Mzee Tembo njia. Masikio yalikuwa kwao.

"Lo, kofia yangu imeanguka," Fisi akanong'ona.

"Na yangu pia," akasema Chui. Na kofia zote mbili ziko vichwani!

Puu! Puu! Wakaruka chini. Wakasukumana mlangoni, huyu "mimi kwanza", yule "mimi kwanza", wakachomeka vichwa shimoni kwa pamoja.

Chwaa! Chwaa! Chwaa!

"Nani anaingia kwangu bila hodi?"

Kumbe ni nyumba ya Bwana Nungunungu! Naye akiamshwa vibaya huja kinyumenyume, miiba ikitangulia.

"Uwiii! Pua yangu!"

"Mama wee, ulimi wangu!"

Wakatoka wanapepesuka, nyuso zimejaa miiba. "Mama Pimbi! Tupandishe upesi!"

"Niwapandishe nyinyi? Kina nani?"

"Si wageni wako!"

"Wageni wangu hawashuki," akasema Mama Pimbi. "Mzee, twende zetu."

Di! Di! Di!

Siku tatu nzima wakarudi kwao kwa miguu, wakitoana miiba na kulaumiana. Mama Pimbi alipofika nyumbani aliwakumbatia watoto wake mpaka wakalalamika kwamba anawabana.

Basi wanangu, mgeni akiulizia watoto kabla hajawasalimu wazazi, msimwonyeshe mnapolala.