Bakuli la Bi Nungu

Paukwa!

Pakawa!

Ah, mmeitikia kinyonge kama mliolala na njaa. Na nyie wakubwa mlioegemea ukuta mkijifanya hamsikilizi, midomo ni yenu pia. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tunakwenda. Hapo zamani za kale palikuwa na mtaa wa wanyama, ukiitwa Kichuguu. Nyumba zilibanana, ukuta kwa ukuta. Lakini wenyewe hawakujuana. Kobe alifunga mlango. Ngiri alifunga mlango. Kima hakuwa na mlango, akageuza mgongo. Kila mmoja na lake.

Hapo ndipo alipohamia Bi Nungu, nungunungu na miiba yake yote. Mitaa mitatu ilikuwa imemtimua. "Unachoma," walimwambia, naye akafunga mzigo. Kichuguu hawakumtimua, kwa sababu hawakujua kama yupo. Baraza la Nyika lilipotafuta mjumbe wa mtaa, wote walikataa. Bi Nungu akakubali mbio. Angalau, aliwaza, watalijua jina langu.

Basi Jumatatu asubuhi akaja Kiboko, mwenyekiti wa Baraza. Alisimama katikati ya njia, akaijaza.

"Mjumbe," akasema, "Baraza limechoka na mitaa ambayo wakazi wanaishi kama mawe. Ijumaa nakuja. Nitaulizia mkazi yeyote, nisikie majirani wanajua nini juu yake. Wasipojua, mtaa navunja, kila mtu akatafute pa kwenda."

Miiba ya Bi Nungu ikasimama, charrr. Kobe alikuwa na shemeji bondeni. Ngiri alikuwa na ukoo kila pembe. Yeye aende wapi? Mitaa mitatu ilishamtimua, na mwingine wa kumpokea ulikuwa haujazaliwa.

Akachukua ngoma. Ndi, ndi, ndi. "Mkutano, jamani. Mkutano wa kujuana."

Sasa sikilizeni. Kichuguu walijua maana moja tu ya ngoma ya mkutano: Baraza linataka mchango wa kuni. Ngiri aliingia shimoni kinyumenyume. Kobe alivuta kichwa, akavuta miguu, akavuta na mkia. Kima alipanda tawi la mwisho akajifanya ua. Bi Nungu akahutubia vumbi, na siafu wawili waliokuwa wakipita.

Jumanne akapiga tena. Ndi, ndi, ndi. Siafu wale wale, na leo walikuwa na haraka.

Akarudi nyumbani, akapika mbaazi za nazi. Akapika nyingi mno, maana mkono wa mwenye mawazo haupimi. Akatazama chungu. "Nile na nani?" akasema, na machozi yakamdondoka. Kisha akapakua bakuli moja, bakuli lake la pekee, akaenda nyumba ya pili.

"Hodi."

Akagonga tena.

"Hodi, jirani."

"Kama ni mchango, sipo," Kobe akajibu kutoka ndani.

"Ni mbaazi."

"Za nazi?"

"Za nazi."

"Basi nipo kidogo."

Kobe akala. Akaramba. Akaingiza kichwa kizima bakulini akitafuta mchuzi wa mwisho, gamba likagonga, kacha! Bakuli vipande viwili.

Ohoo. Na hata nyie wadogo mnajua: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Kikija na mbaazi, kinarudi na ndizi, au na muhogo, au hata na chembe ya chumvi. Je, kilichovunjika kinarudije? Kobe akafikiri. Akatoa chungu chake mwenyewe, akachemsha muhogo. Chumvi hana. Akajikokota hadi kwa Ngiri, mlango ambao hakuwa ameugonga kwa miaka saba. Ngiri akamtilia chumvi katika kifuu, akachungulia nje kuona kama kuna ngoma, akafunga.

Kobe akapeleka muhogo.

"Jirani, hiki si chombo changu," Bi Nungu akasema.

"Chako kina shughuli," akasema Kobe, akaondoka mbio za kobe.

Basi Bi Nungu akawa na chungu cha Kobe, na chombo hakirudi kitupu. Akajaza matango. Kobe akawa na kifuu cha Ngiri, na chombo hakirudi kitupu. Akajaza mchicha. Ngiri akaonja mchicha, akaona hauna ukali, akamwomba Kima pilipili. Kima akamshushia kwenye sufuria, na sufuria je? Hairudi tupu.

Jumatano vyombo vilitembea asubuhi. Vyombo vilitembea adhuhuri. Pata pata, pata pata, kwata kwata. Alhamisi hakuna aliyejua chungu kipi cha nani, na kila aliyekwenda kuuliza alikalishwa kwanza.

"Ngiri, uji wako umeungua."

"Mtoto anakohoa, nilikuwa nambembeleza."

"Na unanyamaza? Mimi nina tangawizi," akasema Kobe, akageuka kwenda kuileta. Ilifika jioni, lakini ilifika.

Bi Nungu alicheka, akacheka, hata mwiba mmoja ukafyatuka ukamgonga Kobe mgongoni. Akaganda kwa aibu. Kobe akaendelea kutafuna. "Hata sijasikia," akasema, akasogea karibu zaidi.

Ijumaa akafika Kiboko. Hakuna ngoma. Hakuna mstari wa kumpokea. Wote walikuwa njiani, vyombo mikononi, wakibishana.

"Nimefika," akasema Kiboko. Hakuna aliyesikia.

Bi Nungu akakumbuka siku. Charrr, miiba juu. "Nisamehe, Mheshimiwa. Nilisahau mkutano."

"Umesahau? Basi mtaa huu nime..." Akakanyaga sufuria moja, akaiokota kwa hasira. "Na takataka hii ya nani?"

Mtaa mzima ukageuka.

"Ya Kima."

"Imebonyea, alianguka nayo mtini siku ya upepo."

"Anatia pilipili hata kwenye uji."

"Na mvua ikinyesha huwa analia," akasema Ngiri polepole. "Mama yake alichukuliwa na mafuriko. Tangu juzi, mvua ikinyesha anashukia kwangu."

Kima akajikuna sikio. Hakukana.

Kiboko akashusha sauti. "Na huyu mjumbe wenu? Mnamjua?"

Bi Nungu akailaza miiba yake.

"Huyu hapimi akipika," akasema Kobe. "Halafu anachoma. Anachoma kweli. Lakini sisi tumeshajua pa kukaa."

Wakamkalisha na Kiboko. Wakampakulia mbaazi katika sufuria ile ile ya Kima. Akala, akasahau kukasirika, akasema mtaa unabaki. Kisha akainuka, sufuria kwapani, akaanza kuondoka.

"Mheshimiwa," Bi Nungu akamwita. "Chombo hicho ni cha jirani. Hakirudi kitupu."

Kiboko akasimama. Akaitazama sufuria. Miaka yote Baraza lilikuja Kichuguu kuchukua. Kuleta, hata siku moja.

Ijumaa iliyofuata hawakusikia ngoma. Walisikia sauti nene mlangoni, yenye haya kidogo, ikisema, "Hodi." Alikuwa Kiboko, sufuria ya Kima kichwani, imejaa viazi alivyochimba mwenyewe, na matope bado puani. Milango yote ikafunguka.

Mmesikia, wadogo kwa wakubwa? Ujirani hauitwi kwa ngoma wala kwa vitisho. Huanza na yule anayetangulia kupeleka. Na mwenye cheo anayetaka watu wajuane, naye aje na chombo mkononi, kisiwe kitupu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Bakuli lake nimewawekea mbele yenu, na mnajua wenyewe haliwezi kurudi tupu.