Sayari ya Watani

Wivu ni ugonjwa usio na wodi. Hata ukimpeleka mgonjwa wake hospitali ya Ndanda, akapimwa damu na kupigwa picha ya kifua, atarudi nyumbani na ugonjwa wake ule ule, tena ameuongeza kwa kumwonea kijicho mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekuwa akiletewa uji mzuri zaidi. Agatha, binti wa Newala aliyekuwa akiishi Masasi, alikuwa na ugonjwa huo. Aliyemsababishia hakuwa adui yake. Alikuwa Stamili, rafiki ambaye watu walizoea kusema kwamba yeye na Agatha ni chanda na pete.

Mchana Agatha alifanya kazi katika steshenari moja karibu na stendi ya mabasi, akitoa kopi za vyeti vya watu wengine waliokuwa wakienda kuomba kazi kwingine. Jioni alikwenda kwenye kibanda cha gemu cha Faruku, ambako Stamili alikuwa amekwisha kumwekea kiti. Hapo walikutana mashabiki wa michezo ya mtandaoni ya anga za juu, yaani vyombo vinavyoruka kutoka nyota hadi nyota, roboti wenye hasira na sayari zenye miezi mitatu. Lakini kucheza hakukuwa raha yao kubwa. Raha yao kubwa ilikuwa kubishana juu ya gemu ambayo bado haijatengenezwa na mtu yeyote duniani, ile ambayo kila shabiki huiota na hakuna aliyepata kuicheza.

Kila mmoja alikuwa na yake kichwani. Faruku alitaka vita visivyokwisha. Mrisho, kijana wa bodaboda, alitaka kupita na pikipiki yake katikati ya pete za sayari ya Zohali asikutane na mtu wa kumwuliza leseni. Yassini, ambaye baba yake alikuwa na shamba Chiungutwa, alitaka kupanda mikorosho kwenye sayari ya Mirihi, mikorosho isiyougua wala kudai dawa ya salfa. Walikubaliana mambo matatu tu: gemu iwe ya Kiswahili, isile bando kama nzige, na mwenye pesa asiweze kununua ushindi.

Stamili alipoanza kueleza yake, padi zote za kuchezea ziliwekwa chini. Gemu yake aliiita Mji Unaohama. Ilikuwa meli kubwa ya angani yenye wakazi maelfu, na kila mkazi ni mchezaji wa kweli aliyeko mahali fulani duniani. Kuna mpishi, daktari, fundi wa injini, mwalimu. Mmoja asipoingia mtandaoni, mji mzima unachechemea. Stamili alikuwa na ulimi unaopamba, hata ungedhani umeketi ndani ya meli hiyo na unasikia harufu ya pilau kutoka ghorofa ya saba. Vijana walimpigia makofi. Agatha naye alipiga, viganja vikigongana na moyo ukisaga meno.

Siku moja alijikaza naye akaeleza yake. Alisema ni sayari iliyoinuka juu kama Newala ilivyo juu ya bonde la Ruvuma, nchi kavu isiyo na kijito wala chemchemi. Maji yote yako chini, ng'ambo ya mawingu, na huko kuna watu wengine. Watu wa juu hushuka kuyatafuta, watu wa chini huyalinda, na mapigano hayaishi. Lakini ipo sheria moja. Mchezaji akifa hawezi kuamka mpaka azikwe, na hawezi kuzikwa na ndugu zake. Sharti aje mtani kutoka upande wa pili. Mtani humzika, humdhihaki apendavyo, huchagua kitu kimoja cha marehemu na kuondoka nacho, na kitu hicho hakidaiwi tena. Hapo ndipo aliyekufa huamka. Asiyekuwa na mtani haamki kamwe. Kwa hiyo hakuna anayethubutu kuwamaliza maadui zake, maana akiwamaliza, siku yake ikifika hatakuwa na wa kumzika.

Kisha Faruku akasema kwamba sayari kavu mbona ipo, iko Newala, na kuifikia haihitaji bando, nauli tu inatosha. Watu wakacheka. Stamili naye akacheka, akaongeza kwamba Agatha akifa atamzika yeye na kuchukua simu yake, ingawa kioo chake kimepasuka. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa yeye alikuwa Myao na Agatha Mmakonde, na makabila yao yalitaniana tangu enzi za babu zao. Mtani wa kusini anaweza kukucheka msibani au kuingia jikoni kwako akaondoka na kuku, nawe huruhusiwi kununa. Lakini Agatha alinuna. Alicheka kwa meno tu, na tangu siku hiyo akaiona sayari yake kama nguo iliyomfanya achekwe na watu harusini.

Njiani kurudi nyumbani Stamili alimwuliza maswali chungu nzima. Je, kule mvua hunyesha? Mtani aweza kukataa kuzika? Mtu aweza kuwa na watani wawili? Agatha alijibu kila swali kwa mkato, akiamini kwamba anaendelea kusimangwa. Mwenye wivu akipewa maji huyanusa kwanza.

Muda si mrefu likaja tangazo. Kampuni changa ya Dar es Salaam iliyokuwa ikitengeneza gemu za simu ilikuwa inazunguka mikoani kuwasikiliza mashabiki. Walitaka kuambiwa gemu bora ya anga za juu ingekuwa ya namna gani. Shabiki mmoja tu wa Masasi na Newala angechaguliwa, akakae nao mwaka mzima waitengeneze pamoja. Agatha aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu. Mama yake, kila alipopiga simu kutoka Newala, alimwuliza kama ndiyo atazeekea kwenye mashine ya kopi, na Agatha hakuwa na jibu. Sasa jibu lilikuwa limekuja lenyewe, isipokuwa kwamba lilikuwa limekuja pia kwa Stamili.

Stamili, asiyejua kinachoendelea moyoni mwa mwenzake, alikuja chumbani kwa Agatha kufanya mazoezi. Alisimama mbele ya kitanda akaueleza Mji Unaohama mwanzo hadi mwisho, akaomba akosolewe. Agatha hakuona kosa, na hilo ndilo lililomuuma. Alimtazama rafiki yake, na simu mpya aliyonunuliwa na baba yake baada ya msimu mzuri wa korosho, na sauti ile iliyofanya watu wasahau njaa. Akajiuliza kwa nini Mungu akigawa humpa mtu mmoja sinia zima. Stamili alipomwomba naye aeleze sayari yake, alisema kichwa kinamgonga.

Siku ya shindano ukumbi ulijaa. Kina Faruku walikuja na vuvuzela mpaka wakanyang'anywa mlangoni. Mkuu wa msafara alikuwa mama wa makamo aitwaye Bi Oliva, mpole wa sura na mkali wa maswali. Washiriki walipiga kura ya nani atangulie, na Agatha akaangukia mahali pa kabla ya Stamili. Wazo likamwingia papo hapo. Akisema sayari yake atachekwa tena, na kisha Stamili atapanda na kuibeba nafasi. Akiusema mji, mji utakuwa wake, na Stamili atakosa la kusema. Hata akishindwa yeye, angalau mwenzake hatashinda. Ukimwona mtu anahesabu hasara ya mwenzake kuwa faida yake, jua ugonjwa umeshapanda kichwani.

Alipoitwa alikwenda mbele, akawaamkia wakubwa, wakaitikia marahaba, akaanza. "Gemu yangu inaitwa Mji Unaohama."

Pale nyuma Faruku na Mrisho walitazamana. Agatha hakuthubutu kumwangalia Stamili. Aliyamwaga yote kama alivyoyasikia, ghorofa kwa ghorofa, hata pilau hakuiacha. Alipomaliza, makofi yakapigwa kidogo. Bi Oliva akamwuliza swali moja tu: mpishi wa mji huo akiugua kweli, huko duniani, akakaa wiki nzima bila kuingia mtandaoni, wakazi watakula nini na yeye atakuta nini akirudi? Agatha alikuwa ameubeba mji bila kuwajua watu wake. Akajibu kwamba mfumo utapanga. Bi Oliva akashukuru, akasema gemu nyingi duniani tayari zina mfumo unaopanga.

Stamili akaitwa. Alitembea taratibu mpaka mbele. Agatha alingoja aanze kulia au kumshtaki. Badala yake Stamili alitabasamu, tabasamu la mtu aliyekwisha kuamua.

"Mimi ni Myao," alisema, "na huyu aliyetangulia ni mtani wangu. Mtani ameingia kwangu, akachukua mji mzima pamoja na wakazi wake. Kwetu mtani akichukua hadaiwi. Lakini na mimi nina haki yangu. Nachukua sayari yake."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wageni walidhani ni mchezo uliopangwa, wakacheka na kupiga meza. Agatha peke yake alijua kwamba haukupangwa. Kisha Stamili akaanza kueleza ile nchi kavu ya juu, maji yaliyo ng'ambo ya mawingu, na sheria ya mazishi. Hakuongeza chumvi. Aliieleza kwa heshima, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani, na kila Bi Oliva alipouliza, alikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa amekwisha kuyauliza yote yeye mwenyewe njiani kurudi nyumbani. Watu wa kampuni waliacha kuegemea viti. Mmoja alisema waziwazi kwamba miaka yote wanatafuta namna ya kuwafanya wachezaji wasichukiane, na kumbe dawa ilikuwa huku kusini.

Bi Oliva akataka kujua lilipozaliwa wazo la mtani kuchukua kitu kimoja. Stamili akageuka kutazama alikoketi Agatha. "Hilo nadhani mumwulize mwenyewe," akasema. "Mwenyewe yupo."

Macho yote yakamgeukia Agatha. Bi Oliva akamwuliza kwa upole, "Binti, hii sayari ni yako?"

Neno moja tu lilihitajika. Mlango ulikuwa wazi, na aliyeufungua alikuwa Stamili. Lakini kusema ndiyo kulikuwa kukiri kwamba mji haukuwa wake. Zaidi ya hapo, kulikuwa kupokea ushindi kutoka mkono wa mtu aliyemwonea wivu. Alimwona Stamili amesimama pale, amependeza, ameibiwa na bado anagawa, akamchukia kwa wema wake.

"Si yangu," akasema. "Ni yake. Mimi nimeshasema yangu."

Stamili aliinamisha kichwa. Bi Oliva aliandika kitu, akamwita mshiriki aliyefuata. Jioni ilipotangazwa kwamba aliyechaguliwa ni Stamili, na kwamba gemu itaitwa Sayari ya Watani, kina Faruku walimbeba juu juu hadi nje ya ukumbi. Agatha alibaki amekaa, akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Stamili alirudi ndani peke yake, akaketi kiti cha pili. Hakuwa na uso wa mshindi.

"Mtani, pale mbele nilikuwa nakuita uichukue sayari yako. Mbona hukuitika?"

Agatha aliuliza kama bado inawezekana kwenda kumwambia Bi Oliva ukweli.

"Nimetoka kumwambia sasa hivi. Anasema aliuliza mbele ya watu wote, nawe ukajibu mbele ya watu wote. Mtu anayemkana mtoto wake hadharani hawezi kukabidhiwa kumlea." Stamili alimshika mkono. "Ule mji ningekupa, Agatha. Ungeniomba tu. Mimi sayari yako nilikuwa naitamani tangu siku ile, na niliona haya kukuomba."

Agatha aliutoa mkono wake. Hayo ndiyo maneno yaliyomwumiza kuliko yote: kwamba wakati wote ule alipokuwa akikitamani cha mwenzake, mwenzake alikuwa akikitamani chake. Stamili alipoondoka na basi la Dar es Salaam, kibanda kizima kilikwenda kumsindikiza. Agatha alisema ana kazi nyingi, ingawa wateja walikuwa wawili.

Siku hizi kwa Faruku hakuna anayezungumzia vita wala Mirihi. Wanazungumzia Sayari ya Watani, ambayo bado inatengenezwa, na kila mtu ameshachagua kama atakuwa wa juu au wa chini. Wakikwama humgeukia Agatha, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu na mwenye gemu. Juzi Yassini alimwuliza kwa adabu: "Dada Agatha, wewe uliyekaa naye, hakukwambia mtu wa juu akimpenda mtu wa chini inakuwaje? Wataendelea kuwa watani?"

Agatha alilijua jibu. Alikuwa amelifikiria miaka miwili kabla ya Stamili kusikia habari za sayari hiyo, nalo lilikuwa jibu zuri, pengine zuri kuliko yote yaliyokwisha kusemwa. Alimtazama Yassini, akawatazama wote waliokuwa wakingoja, akasema hajui, labda wamwulize Stamili.

Hukumu yake ilikwisha kutolewa zamani na waliotutangulia, nasi kazi yetu ni kuisoma tu: usiache mbachao kwa msala upitao.