Gauni la Komamanga la Binti Kindi

Hapo zamani za kale, wanangu, huko Ulaya kwenye theluji, wanyama walivaa nguo na kwenda kanisani kama sisi. Mkubwa wa mji alikuwa Dubu. Naye alitoa amri: "Hariri na mahameli ni za wenye miili mikubwa tu. Mdogo akizivaa, nyumba yake naichukua!"

Basi Mama Kindi alikuwa na binti, Mrashi, anayekaribia kuolewa. Binti akalia, "Mama, niingie kanisani na kitani kitupu kama gunia?"

"Nyamaza, mwanangu. Mungu hakutupa meno haya ya kutafunia njugu tu."

Kru, kru, kru! Akachonga kibao, likatokea ua la komamanga. Akakipaka rangi nyekundu ya mafuta, akakilaza juu ya kitani, akakigonga nyundo. Pa! Ua. Pa! Ua jingine. Hata jioni gauni zima limechanua! Ukiliona kwa mbali utasema ni hariri ya malkia.

Siku ya harusi, Dubu akawazuia mlangoni mwa kanisa, joho lake la mahameli likiburuta nyuma.

"Simama! Hariri hiyo! Mama, nyumba huna tena!"

Mama Kindi akapiga goti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Funguo ziko wapi?"

"Hizi hapa, mzee. Mkubwa kama wewe hakosei. Ila watu wana maneno, watasema umenionea. Si uape hapa, mbele ya nyumba ya Mungu, kwamba ukikosea, sisi wadogo tuvae maua tutakavyo?"

"Mimi? Nikosee hariri? Ha! Naapa! Na joho hili nitakuvulia!"

"Basi tuchome uzi. Hariri ikiungua hunuka nywele. Kitani hunuka nyasi kavu."

Akachomoa uzi kwenye pindo. Dubu akaunyakua, akautia kwenye mshumaa uliowaka mlangoni pamoja na vidole vyake vinene. Chwaaa! Moshi.

"Mnasikia harufu? Nywele! Si niliwaambia?"

"Nywele kweli, mzee," akasema Mama Kindi kwa upole. "Ila ni za mkono wako. Unaungua."

"Yalaaa! Maji! Maji!"

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Padri Korongo akashika uzi mwingine kwa mdomo wake mrefu, akauchoma, akanusa.

"Nyasi kavu," akasema. "Kitani."

Dubu akatazama mlango wa kanisa alipoapia, akatazama umati, akavua joho, akampa Mama Kindi.

"Ahsante, mzee. Litanitosha mapazia, na blanketi la wajukuu."

Mrashi akaingia kanisani na makomamanga yake, kichwa juu. Na tangu siku hiyo, kila nyumba ya wadogo ukipita unasikia: pa! pa! pa!

Basi wanangu, najiambia mimi kwanza, kisha ninyi: mwenye kiburi huhukumu kabla ya kugusa, na mkono unaoungua ni wake mwenyewe.