Atakayekula wa Kwanza

Kwenye ukumbi wa puli wa Pazi, mpira ukitumbukia shimoni husemwa umeliwa. Humo ndimo mume wa Sikudhani alimopoteza cherehani ya mkewe kwa kamari. Asubuhi Sikudhani akaifuata.

"Shemeji, nirudishie cherehani yangu, ndiyo inayotulisha."

"Ishinde mezani, mama," alijibu Pazi.

"Mimi nisiyejua hata kushika fimbo?"

"Nakurahisishia. Atakayekula wa kwanza, yake."

"Yeyote atakayekula?"

"Yeyote! Mashahidi hawa hapa."

Pazi alipiga kwa mbwembwe. Mipira ikatawanyika, usitumbukie hata mmoja. Akampa fimbo huku akicheka. Sikudhani akaiegemeza ukutani, akafungua pindo la kanga, akatoa kitumbua, akakitafuna taratibu mpaka kikaisha.

"Nimekula, shemeji. Sasa nishikie upande ule, nzito hii."